Kaskazi Ilivuma Miezi Mitatu, Nasi Tuko Gizani

Boti ya kwenda Block Island huondoka Galilee, bandari ndogo ya wavuvi kusini mwa Rhode Island, na safari yake ni kama saa moja. Kiangazi kilichopita nilikwenda na mwenzangu wa kazini, mama mmoja wa Puerto Rico, kisiwa cha Karibea kilicho chini ya Marekani, ambaye sote tunamwita Doña kwa heshima ya umri wake. Kazi yetu ni kuhudumia wazee, zamu ya usiku. Miaka minne tumefanya kazi pamoja na karibu mara zote tumeonana chini ya taa za ukutani.

Kisiwani tulikodi teksi mpaka kwenye majabali ya Mohegan, upande wa kusini. Pale ndipo mitambo ya upepo inapoonekana vizuri. Iko mitano, imejipanga baharini kiasi cha kilomita 5 kutoka ufukweni, na mapanga yake yanazunguka taratibu. Watalii walikuwa wakipiga picha. Doña hakutoa simu. Aliihesabu kwa Kispania, mara mbili, kama mtu anayehakikisha chenji aliyopewa dukani. Kisha akaniuliza, "Wanaishi watu wangapi hapa?"

Nikamwambia, kama elfu moja na mia nne hivi.

"Sisi tuko zaidi ya milioni tatu," akasema, na hakuongeza neno mpaka tulipokaa chini.

Nieleze kwanza kwa nini nilimpeleka pale. Kwa miaka mingi Block Island ilipata umeme wake kwa kuchoma dizeli iliyoletwa kwa meli. Ulikuwa umeme wa kelele, wa moshi, na wa bei kali. Mwishoni mwa 2016 mitambo ile mitano, yenye megawati 30 kwa jumla, ikaanza kazi, ikiwa ya kwanza ya aina yake katika bahari ya Marekani nzima. Mei 2017 wakazi wakazima majenereta, kwa sababu waya mpya wa chini ya bahari ulikuwa umeunganisha kisiwa na mitambo, na pia na bara. Nilitaka Doña akione kisiwa kilichoamka siku moja kikakuta kelele ya majenereta haipo.

Sikufikiria tarehe. Ni yeye aliyenikumbusha. Septemba 20 ya mwaka uleule wa 2017, kimbunga Maria kilitua Yabucoa, mji wao, kusini mashariki mwa Puerto Rico. Kisiwa kizima kilizimika, na nyumba za mwisho zilisubiri karibu miezi 11 kurudishiwa umeme. Haijawahi kutokea Marekani watu wakakatikiwa na umeme muda mrefu kama ule.

Baba yake alikuwa na kisukari, na insulini inataka baridi. Kwa hiyo kila siku mbili Doña alipanga foleni ya barafu, wakati mwingine saa sita, kwa mfuko mmoja. Mzee alifariki Januari 2018, nyumba yao ikiwa bado haina umeme. Hesabu ya kwanza ya serikali ilisema kimbunga kimeua watu 64. Agosti 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha George Washington, walioajiriwa na serikali hiyohiyo ya Puerto Rico, walikadiria vifo vya ziada 2,975 kati ya Septemba 2017 na Februari 2018. Ile ni hesabu ya kitakwimu, haina orodha ya majina. Doña hajui kama baba yake yumo. Aliniambia hilo akiwa anaitazama bahari, nami sikuwa na la kumjibu.

Ila barafu niliielewa.

Mimi ni mtoto wa Kikwajuni, Unguja. Desemba 2009 njia ya umeme unaotujia kutoka bara kupitia chini ya bahari iliharibika, na hatukuuona tena umeme ule mpaka Machi 2010. Mwaka mmoja na nusu kabla yake tulikuwa tumeshakaa takriban mwezi mzima bila umeme, Mei hadi Juni 2008, kwa hiyo safari ya pili hatukubabaika siku za mwanzo. Tulidhani giza tumeshalizoea.

Mama alikuwa akiuza barafu za ukwaju na za ubuyu kutoka kwenye friza yetu. Friza ile ndiyo iliyokuwa ikilipa madaftari yangu na nauli ya daladala. Jioni ya kwanza aliwaita watoto wa mtaa akawagawia zote kabla hazijayeyuka, na ilikuwa kama sikukuu. Wiki ya pili aliifuta friza kwa kitambaa, akaiachia mlango wazi isije ikanuka, akaanza kukaanga mihogo. Maji ndiyo yaliyotutesa kuliko taa. Pampu hazisukumi bila umeme, kwa hiyo mifereji ilikauka, nasi tukawa watu wa madumu na foleni za kisimani, alfajiri kabla ya skuli na magharibi baada ya chuo. Wenye hoteli na maduka makubwa waliwasha majenereta yao. Sisi tuliwasha vibatari.

Desemba hadi Machi. Mtu wa mwambao ukimtajia miezi hiyo anajua ni miezi ya nini. Ni kaskazi, upepo uleule ulioyaleta majahazi kutoka Arabuni na Ghuba kwa karne nyingi. Ulivuma juu ya mapaa yetu miezi ile mitatu yote. Usiku nilikuwa nikiusikia ukichezea bati lililolegea la jirani, kaka! kaka! kaka!, na hata siku moja haikunijia akilini kwamba ule nao ungeweza kuwa umeme.

Hiyo ndiyo sababu habari ya upepo wa baharini na visiwa vilivyo mbali na wakubwa wake inanigusa kuliko inavyonipasa, pengine. Mtu wa bara akikatikiwa na umeme anasubiri fundi. Mtu wa kisiwa anasubiri meli, au mpiga mbizi, au uamuzi wa watu walio ng'ambo. Puerto Rico yenyewe ina visiwa vyake vidogo, Vieques na Culebra, vinavyolishwa kwa waya wa chini ya bahari kutoka kisiwa kikubwa, kama Unguja inavyolishwa kutoka bara, na kama Pemba inavyolishwa kutoka Tanga tangu 2010. Baada ya Maria, Vieques iliishi kwa majenereta kwa muda mrefu. Hospitali yao iliharibika, na wagonjwa wa figo wakawa wanapandishwa ndege ndogo kwenda kisiwa kikubwa kusafishwa damu. Kisiwa cha kisiwa, tungesema.

Na kisiwa kikubwa chenyewe hakikujengwa vizuri kwa habari ya umeme. Mitambo mikubwa ya mafuta, gesi na makaa ya mawe iko zaidi kusini, Costa Sur, Aguirre, Guayama. Watu wengi wako kaskazini, San Juan na vitongoji vyake. Katikati kuna milima, na nyaya zinapanda na kushuka ndani ya misitu ile. Kimbunga kikipita milimani, kaskazini giza. Shirika la umma la umeme lilikuwa limeshafilisika miezi miwili kabla ya Maria, likiwa na deni la kama dola bilioni 9. Tangu hapo kisiwa kimezimika tena chote kwa kimbunga Fiona, Septemba 2022. Mkesha wa mwaka mpya, Desemba 31, 2024, karibu kisiwa kizima kilizimika bila kimbunga chochote. Kikazimika tena Aprili 2025, wiki ya Pasaka. Doña ana dada yake Yabucoa, na simu ya usiku ikilia anaangalia kwanza saa, kisha hali ya hewa ya kule, ndipo anapokea.

Sasa nije kwenye sheria, maana ndipo penye uchungu wangu.

Mwaka 1953 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kusimamia ardhi iliyo chini ya bahari, nje ya maji ya majimbo. Ilitungwa kwa ajili ya mafuta na gesi. Mwaka 2005 ikaongezwa nguvu: serikali kuu ikaruhusiwa kukodisha maeneo hayo kwa umeme wa upepo na vyanzo vingine visivyokwisha. Kwa mamlaka hayo ndiyo bahari ya Massachusetts, New York na Virginia ilivyopimwa, ikagawanywa viwanja, ikanadiwa. Lakini sheria ile ilitaja majimbo. Puerto Rico, Guam, Visiwa vya Virgin, Samoa ya Marekani na Visiwa vya Mariana Kaskazini ni milki za Marekani, si majimbo. Kwa hiyo upepo unaovuma mbele ya Boston ulikuwa na sheria, na upepo unaovuma mbele ya San Juan haukuwa na mwenyewe.

Visiwa hivi vina mamlaka juu ya maji ya karibu. Puerto Rico inafika maili 9 za baharini, vingine maili 3. Tatizo ni kwamba bahari yao huporomoka haraka. Kaskazini mwa Puerto Rico kuna korongo la bahari lenye kina cha zaidi ya mita 8,000. Guam ni jirani wa korongo la Mariana, lenye kina cha karibu mita 10,900, hakuna penye kina kuzidi hapo duniani. Mitambo ya Block Island imesimama kwa miguu ya chuma juu ya sakafu ya bahari. Huwezi kusimamisha mguu kwenye kina cha kilomita. Unahitaji mitambo inayoelea, iliyofungwa kwa minyororo na nanga, kama ile mitano iliyoanza kufanya kazi mbele ya pwani ya Scotland mwaka 2017. Na mitambo inayoelea huwa mbali, nje ya maji ya karibu, yaani palepale ambapo sheria ilikuwa kimya.

Mwaka 2018 Madeleine Bordallo, mjumbe wa Guam katika Bunge la Marekani, alipeleka mswada wa kuliziba pengo hilo. Ulirudi mara kadhaa kwa majina tofauti. Hatimaye Agosti 2022 maudhui yake yakaingia ndani ya Sheria ya Kupunguza Mfumuko wa Bei, ile kubwa ya tabianchi ya Rais Biden. Kifungu kimoja kilitanua sheria ya 1953 hadi kwenye visiwa vyote vitano, na kuitaka serikali kuu ianze kuuliza wawekezaji kama wanaitaka bahari ile kwa ajili ya upepo, kabla ya Septemba 30, 2025.

Nilifurahi sana siku ile. Nilimtumia Doña ujumbe alfajiri baada ya zamu.

Lakini ukae ufikirie. Wajumbe wa visiwa hivi wanaruhusiwa kuhutubia Bunge, kukaa kwenye kamati, kuandika miswada. Wakati wa kura ya mwisho ya kupitisha sheria hawapigi. Wakazi wa visiwa, wakiwa kule nyumbani, hawamchagui Rais. Guam, yenye kambi kubwa za jeshi la Marekani na watu kama 154,000, iliandika wazo lakini haikulipigia kura. Msingi wa hali hii ni wa zamani. Mwaka 1901 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi iliyoanzia kwenye ushuru wa machungwa yaliyotoka Puerto Rico. Jaji mmoja aliandika kwamba kisiwa kile ni cha kigeni kwa Marekani, lakini kwa maana ya ndani. Nimesoma sentensi ile mara nyingi. Machungwa yalishaliwa zamani, sentensi bado ipo.

Na tazama kilichofuata. Januari 20, 2025, siku ya kwanza ya Rais Trump kurudi madarakani, alitia saini waraka wa kuyaondoa maeneo yote ya bahari ya serikali kuu kwenye ukodishaji mpya wa upepo. Visiwa vimo. Wala hapakuhitajika Bunge. Saini moja ilitosha. Upepo ulioruhusiwa mwaka 2022 ukafungiwa kabla hata ya mtambo mmoja kupimiwa mahali.

Ila mlango wenyewe haukufungwa. Mei 2025 wizara inayosimamia ardhi na maliasili ilianza utaratibu wa kukodisha sakafu ya bahari ya Samoa ya Marekani kwa uchimbaji wa madini, baada ya kampuni moja ya California kuomba. Wizara ilipata wapi mamlaka juu ya bahari ya Samoa? Kwenye kifungu kilekile cha 2022. Sheria ya 1953 ilipotanuliwa kufika visiwani haikufika na upepo peke yake, ilikuja na mizigo yake yote. Na mwaka mmoja kabla, 2024, gavana wa Samoa ya Marekani alikuwa ameshatoa amri ya kusimamisha uchimbaji wa aina hiyo, kwa sababu watu wake wanaishi kwa jodari, na kiwanda cha kusindika jodari cha Pago Pago ndicho mwajiri mkubwa wa binafsi pale. Amri ya gavana ina nguvu kwenye maili 3. Baada ya hapo ni sauti ya mtu anayeita ufukweni.

Ndipo ninapotofautiana na marafiki zangu wa mazingira hapa, wanaosema kosa ni la Trump tu, akiondoka mambo yatarudi. Kosa lilikuwepo tangu 2022, tulipokuwa tukishangilia, na mimi nikiwemo. Kifungu kile kingesema wazi kwamba bahari hii inafunguliwa kwa upepo, si kwa kingine, na kwamba pasiwe na kukodisha bila ridhaa ya serikali ya kisiwa. Kuulizwa maoni si sawa na kuwa na kauli. Sisi Wazanzibari tumebishana miaka mingi na ndugu zetu wa bara kuhusu mafuta na gesi ya baharini, mpaka sheria ya Muungano ya mwaka 2015 ilipoiachia Zanzibar isimamie ya kwake, na mwaka uliofuata Zanzibar ikatunga sheria yake. Sidai kwamba kila kitu kilikwisha vizuri. Ninachosema ni kwamba ubishi wenyewe ulikuwa na mahali pa kufanyika, na Baraza la Wawakilishi lilikuwa na kura yake.

Watu huniuliza kama mitambo ya upepo inaweza kusimama kwenye njia ya vimbunga. Ni swali la haki. Maria iliuvunja vibaya uwanja mdogo wa upepo wa Punta Lima, Naguabo, si mbali na Yabucoa. Uwanja mkubwa zaidi wa Santa Isabel, pwani ya kusini, wenye mitambo 44, ulinusurika. Kiwango cha kimataifa sasa kina daraja maalumu la mitambo ya sehemu za tufani, inayotakiwa kuhimili upepo wa mita 57 kwa sekunde ukipimwa kwa wastani wa dakika 10. Upepo wa Maria, au wa kimbunga Mawar kilichoipiga Guam Mei 2023, unaweza kukipita kiwango hicho. Kwa hiyo mtu asiwaambie watu wa visiwani kwamba mitambo ya baharini itawavusha kila kimbunga. Nguvu yake ni kwenye siku 360 nyingine, pale meli ya mafuta inapochelewa na bei inapopanda, na mfumo mkongwe unapoanguka wenyewe mkesha wa mwaka mpya.

Kwa siku za kimbunga nitamfuata Doña, anayeamini mapaa. Katika mji wa Adjuntas, milimani, kuna jumuiya iitwayo Casa Pueblo, iliyoanza mwaka 1980 kwa kupinga uchimbaji wa shaba. Wao walikuwa na paneli za sola kabla ya Maria, na nyumba yao ikabaki na mwanga wakati mji mzima uko gizani. Watu walikwenda pale kuchaji simu na kutumia mashine zao za kupumulia. Tangu hapo wamefunga sola na betri kwenye maduka ya mjini, ili duka la dawa lisizime, na la mikate pia. Dada yake Doña sasa ana paneli na betri, na insulini yake yeye (naye ana kisukari) iko kwenye friji ndogo isiyotegemea nguzo yoyote.

"Kwa hiyo huitaki mitambo ya baharini?" nilimuuliza tukiwa kwenye foleni ya boti ya kurudi.

Alifikiri kwanza. Akasema paa la dada yake linatosha friji na taa na feni. Halitoshi hospitali, wala pampu za maji, wala kiwanda cha dawa alichofanyia kazi yeye miaka kumi na sita kabla ya kuhama. Hivyo vinataka kitu kikubwa, na kitu kikubwa kilichopo sasa ni moshi wa makaa ya Guayama unaowakohoza watoto wa watu maskini. Sheria yao ya mwaka 2019 inataka umeme wote uwe wa vyanzo visivyokwisha ifikapo 2050. Utafiti wa wizara ya nishati ya Marekani uliokamilika mwanzoni mwa 2024 ulisema inawezekana. Yeye anautaka upepo. Hakutaka tu kupewa kama misaada ya maji ya chupa baada ya kimbunga, yaliyokuja yakakaa uwanjani.

Nikamwambia, siku upepo ukirudi mezani, na wapimaji wa bahari wakifika Puerto Rico, wataitisha mikutano ya kukusanya maoni. Ungekwenda?

"Wakiufanya Yabucoa," akasema. "Kwa Kispania. Saa moja usiku, watu wakiwa wametoka kazini, na wavuvi wakae mbele. Nitapanda ndege nitakwenda."